Maswali ya Wasomaji: Bendi Ikinyamaza, Lebo Hubaki na Nani?

SWALI: Mhariri, sisi ni vijana watatu wa Section 58, hapa Nakuru, na tunapiga roki ya kasi ambayo majirani hawaipendi. Rafiki yetu alituletea kwenye flashi albamu iitwayo *Making the Road* ya bendi ya Kijapani, Hi-Standard, na tangu siku hiyo hatusikilizi kitu kingine. Tumeambiwa kwamba mpiga gitaa wa bendi hiyo ndiye mwenye kampuni iliyoitoa albamu yenyewe. Je, ni kweli? Na je, bendi kama yetu, ambayo hata dramu inaazima kanisani, inaweza kuwa na lebo yake, yaani kampuni yake ya kutoa rekodi, au tunajidanganya? (Watatu wa Section 58, Nakuru)

JIBU: Ndugu zangu, mliyoambiwa ni kweli. Mpiga gitaa huyo ni Ken Yokoyama, aliyezaliwa mwaka 1969, na kampuni yenyewe ni Pizza of Death Records ya Tokyo, ambayo yeye ndiye mkuu wake. Muziki wenyewe ni panki roki, na msomaji anayelijua neno panki kama mtindo wa kunyoa nywele hajakosea sana, kwa kuwa mtindo huo wa nywele na muziki huo vilitoka nyumba moja.

Hi-Standard ilianzishwa Tokyo mwaka 1991, na bendi iliyovuma ilikuwa ya watu watatu kama ninyi: Akihiro Nanba akipiga besi na kuimba, Akira Tsuneoka kwenye dramu (hadi alipofariki mwaka 2023), na Yokoyama kwenye gitaa. Walitoa *Last of Sunny Day* mwaka 1994, *Growing Up* mwaka 1995 na *Angry Fist* mwaka 1997. Wakati wa albamu hizo mbili za mwisho walikuwa chini ya kampuni ya Toy's Factory, na ingawa jina la Pizza of Death lilikuwa limeshaanza kutumika, lilikuwa kama chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya mtu mwingine: unaweza kubandika jina lako mlangoni, lakini ufunguo wa lango kuu hauko mfukoni mwako. Mwaka 1999 walihama, Pizza of Death ikawa kampuni inayojitegemea, na mwaka huohuo ikatoa hiyo albamu iliyo kwenye flashi yenu. Ikihesabiwa ndani na nje ya Japani, iliuza zaidi ya nakala milioni moja, kiasi ambacho kampuni kubwa za Tokyo hazikutarajia kukiona kwa bendi iliyojitoa mikononi mwao.

Msidhani kwamba wazo hilo lilimjia Yokoyama usingizini. Albamu ya *Growing Up* ilisimamiwa na Fat Mike, mpiga besi wa bendi ya NOFX ya Marekani, ambaye mwaka 1990 alikuwa ameanzisha na mwenzake lebo ya Fat Wreck Chords mjini San Francisco. Lebo hiyo ndiyo iliyoitoa kazi ya Hi-Standard Marekani na kuwatembeza Wajapani hawa katika majukwaa ya huko. Kwa hiyo Yokoyama alimwona kwa macho yake mwanamuziki mwenzake, mwenye jasho lilelile la jukwaani, akisaini hundi na kuamua albamu itoke lini. Huyo Fat Mike naye alikuwa na watangulizi: Brett Gurewitz wa Bad Religion na lebo yake ya Epitaph kule Los Angeles, na Ian MacKaye aliyeanzisha Dischord mjini Washington mwaka 1980 akiwa kijana mdogo. Mara nyingi watu wa panki husifiwa kwa ujasiri wa kuanzisha lebo zao. Kwa maoni yangu wengi wao walifanya hivyo kwa sababu hakuna kampuni iliyowafungulia mlango, na mtu aliyefungiwa mlango hujifunza useremala haraka.

Sasa nije kwenye swali lenu la pili, ambalo ndilo lenye uzito. Lebo si nembo ya kuchora kwenye fulana. Shina la lebo ni masta, yaani ile rekodi ya asili ambayo nakala zote hutokana nayo, na anayeimiliki masta ndiye anayeamua wimbo utoke wapi, kwa bei gani, na nani aruhusiwe kuutumia katika tangazo au filamu. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazotembea pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja, lakini kila mmoja ana mwenyewe: kuna haki ya utungo, yaani maneno na lahani, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Mtunzi anaweza kumiliki ya kwanza kikamilifu huku ya pili iko kwa mtu mwingine, na wasanii wengi wa hapa kwetu hawalijui hilo mpaka siku wanaposikia wimbo wao redioni ukimlipa mtu wasiyemtarajia.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humhesabu mwenye rekodi ya sauti kuwa ni yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kufanyika. Someni sentensi hiyo mara mbili. Sheria haiangalii ni nani aliyeimba au ni vidole vya nani vilivyopata malengelenge, bali ni nani aliyepanga kazi na kuigharamia. Ndiyo maana ninakunja uso ninaposikia prodyuza akimwambia kijana, "Njoo nikurekodie bure, tutaelewana baadaye," kwa sababu katika hali hiyo baadaye imeshafika: aliyepanga ni yeye. Haki ya rekodi hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na haki ya utungo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyohiyo husema kwamba hakimiliki haihamishwi kwa mtu mwingine ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na anayeitoa, kwa hiyo kuweni wagumu wa kutia sahihi na wepesi wa kusoma.

Nami nina kovu langu katika jambo hili. Nilipokuwa katibu wa kwaya hapa Nakuru, tulirekodi nyimbo nane katika studio moja ndogo. Tulilipa kila saa tuliyotumia, tukakabidhiwa CD moja kwenye bahasha ya kaki, tukaimba njia nzima ndani ya matatu. Miaka mitatu baadaye tulirudi kuomba zile sauti moja moja kabla hazijachanganywa, ili tuongeze kinanda, tukaambiwa kompyuta iliuzwa na vyote vilivyokuwa ndani yake vikaenda nayo. Tulibaki na ile CD yenye mkwaruzo, ambayo kwenye wimbo wa tano sauti ya pili huruka kama mtu mwenye kwikwi. Tulikuwa tumelipia rekodi, lakini hatukuwa tumeichukua.

Basi, ndugu zangu, lebo mnaweza kuwa nayo hata kabla ya kununua dramu. Rekodini kwa fedha zenu, hata kama ni nyimbo mbili tu. Siku hiyohiyo ondokeni studioni na diski yenye kila sauti ikiwa peke yake, pamoja na karatasi ya mwenye studio inayosema kwamba amelipwa kwa kazi yake na kwamba rekodi ni yenu. Kisha sajilini jina la biashara. Nembo ya kutisha, kama mnaipenda, ije mwisho.

Lakini kuna karatasi moja ninayotaka mwiandike kabla ya zote, na hapa habari ya Hi-Standard inatufaa kuliko mafanikio yake. Bendi ilisimama mwaka 2000, baada ya tamasha lao la Air Jam katika uwanja wa besiboli wa Chiba, mwaka mmoja tu baada ya kampuni kusimama kwa miguu yake. Wanamuziki watatu walitawanyika, na ulipita zaidi ya mwongo mmoja kabla hawajapanda tena jukwaani pamoja. Pizza of Death haikutawanyika. Ilibaki na Yokoyama, ikaendelea kutoa kazi za bendi nyingine, na mwaka 2004 ikatoa albamu yake ya kwanza peke yake, *The Cost of My Freedom*. Ninyi leo ni marafiki na mnakula sahani moja, kwa hiyo leo ndiyo siku nzuri ya kuandika: mmoja wetu akiondoka, masta zinabaki kwa nani, naye atalipwa nini kwa sehemu yake? Mkingoja mpaka mgombane, karatasi hiyo mtaandikiwa na wakili, tena kwa bei yake.

SWALI: Mhariri, nimesoma magazeti mengi ya vijana yakiwasifu wageni kwa kuanzisha lebo. Mimi niliuza santuri Kisumu tangu ujana wangu, na sisi tulikuwa na Oluoch Kanindo kabla huyo Mjapani hajashika gitaa. Mbona hamtuambii habari za kwetu? (Mzee wa santuri, Kondele, Kisumu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umenikamata, na nakubali kukamatwa. Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye alikuwa mbunge, alitoa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, kwa wingi katika miaka ya 1970 na kuifikisha mbali kuliko lebo nyingi za Afrika Mashariki. Kule Zimbabwe jina lake liligeuka kuwa jina la muziki wenyewe, hata watu wakasema "kanindo" kama sisi tunavyosema "rumba". Mtindo mkubwa wa gitaa wa nchi hiyo huitwa sungura mpaka leo, na husemwa kwamba jina hilo lilitoka kwenye nembo ya santuri zilizotoka huku kwetu. Mnyama wa hadithi za bibi zetu alivuka mipaka akiwa amechapwa kwenye karatasi ya duara katikati ya santuri, na wewe mzee bila shaka umeshika mamia ya hizo kwa mikono yako.

Tofauti ninayoiona ni mbili. Ya kwanza, Kanindo alikuwa mfanyabiashara aliyewatafuta wapigaji, wakati Yokoyama ni mpigaji aliyegeuka mwenye duka bila kuweka gitaa chini. Bado ana bendi yake, Ken Band, ambayo ilipiga katika ukumbi wa Budokan wa Tokyo mwaka 2008 na tena mwaka 2016. Si kwamba mmoja ni bora kuliko mwingine, kwani mwenye lebo asiyepiga muziki ana usiku wote wa kuhesabu hesabu, na anayepiga ana usiku mfupi.

Tofauti ya pili ni ya soko, na hii inaniuma zaidi. Kanda zilipoingia Kenya, mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili kazi ya mwaka mzima kwa dakika arobaini, akaiuza stendi ya basi kabla ya santuri halali kufika dukani kwako. Japani ilikuwa na ukuta ambao sisi hatukuwa nao. Sheria ya kule humruhusu mtoaji wa vitabu, magazeti na muziki kupanga bei ya rejareja, na duka haliruhusiwi kuishusha litakavyo, kwa hiyo CD ya kampuni ya watu wachache huuzwa kwa bei ileile Tokyo na kijijini, wala duka kubwa haliwezi kuiua kwa kupunguza bei. Juu ya hayo, Wajapani hawakuacha kununua CD upesi kama wengine: maduka ya Tower Records yalifungwa Marekani mwaka 2006, lakini yale ya Japani yanauza mpaka leo.

Tarehe 5 Oktoba 2016 Hi-Standard waliutumia uaminifu huo wa wanunuzi kwa namna ambayo ingekufurahisha mzee wangu. Walikuwa hawajatoa rekodi mpya kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Bila tangazo, bila mahojiano, bila hata neno mtandaoni, CD yao *Another Starting Line* ilikutwa rafuni asubuhi. Mteja aliingia kununua kitu kingine, akainua macho, akaiona. Uvumi ulienea kwa picha za simu, na watu wakakimbilia madukani. Kampuni kubwa yenye idara ya matangazo isingekubali jambo hilo hata kidogo. Liliwezekana kwa sababu aliyepiga gitaa kwenye CD hiyo ndiye aliyekuwa mwenye neno la mwisho ofisini.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa muziki. Wanafunzi wangu hudhani prodyuza ni mtu wa kutengeneza biti kwenye kompyuta. Je, Yokoyama hufanya hivyo? Na kwa nini Wajapani wale waliimba kwa Kiingereza? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, hapa kwetu neno prodyuza limebeba mizigo ya watu watatu: mtengeneza biti, fundi wa mitambo na mwenye fedha. Katika muziki wa bendi kazi hizo hutenganishwa. Biti haipo, kwa kuwa yupo mpiga dramu. Fundi hukaa kwenye mitambo na kutega maikrofoni. Prodyuza ni sikio la tatu: husikiliza bendi ikifanya mazoezi, akasema kiitikio kije mapema, ubeti wa pili ukatwe, wimbo uongezwe mwendo kidogo, na jioni ya siku ya nne ndiye anayeamua kama upigaji huu ndio wa kubaki au urudiwe. Fat Mike aliifanyia Hi-Standard kazi ya namna hiyo. Yokoyama, akiwa na lebo yake, amekaa pande zote mbili za kioo cha studio, na mtu wa aina hiyo ana faida moja kubwa: akimwambia mpiga gitaa kwamba sehemu fulani haipigiki kwa kasi ile, anajua kwa vidole.

Waonyeshe wanafunzi wako mfano wa karibu. Wale wazee watatu wa Bunyore, Abana ba Nasery, walipiga magitaa mawili na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma, na hakuna biti ya kompyuta inayofikia mkwaruzo ule. Anayesikia kwamba chupa inatosha na asiongeze dramu amefanya kazi ya uprodyuza.

Kuhusu Kiingereza, Hi-Standard waliimba karibu nyimbo zao zote kwa lugha hiyo kwa sababu panki waliyoipenda iliwafikia kwa lugha hiyo, na matokeo yake yakawa kwamba lebo ya San Francisco iliweza kuwauza bila mkalimani. Vijana wa Japani waliviimba viitikio hivyo kwa sauti kubwa, wengi wao bila kukizungumza Kiingereza nyumbani. Sisi Wakenya tusishangae, maana tumecheza Lingala miaka yote tukijua maneno manne tu, na Wazimbabwe walicheza Kijaluo bila kujua hata moja.

SWALI: Mhariri, nimeanzisha lebo ndogo yenye wasanii wawili. Mmoja ameanza kuvuma na kampuni kubwa ya Nairobi imempigia simu. Nimzuie? Nimegharamia nyimbo zake zote. (Dada mwenye lebo, Bungoma)

JIBU: Dada yangu, usimzuie. Pizza of Death ilianza kutoa kazi za bendi ya Kijapani, WANIMA, mwaka 2014, ikatoa albamu yao *Are You Coming?* mwaka 2015, bendi ikalipuka nchi nzima, na mwaka 2017 ikahamia Warner Music Japan. Lebo ndogo ikimlea msanii vizuri, atatafutwa. Ikimlea vibaya, hatatafutwa na mtu, nawe utabaki naye.

Kinachokuhusu ni zile nyimbo ulizogharamia. Kama ulipanga na kulipia studio, rekodi zile ni zako, na msanii akipaa zitasikilizwa upya kuliko zilivyosikilizwa mwanzo. Albamu hiyo ya mwaka 2015 iko kwenye orodha ya Pizza of Death, si ya kampuni walikohamia. Hakikisha mambo mawili kabla hajaondoka. Kwanza, muwe na maandishi yenye sahihi zenu wote wawili yanayotaja kila wimbo kwa jina, nani ana utungo, nani ana rekodi, na mrabaha, yaani malipo ya wimbo unapotumika, unagawanywaje. Msanii naye apate fungu lake, tena la haki, kwa sababu utungo ni wake isipokuwa kama alikuandikia vinginevyo. Pili, jiandikisheni kila mmoja katika chama chake cha kukusanya mrabaha: KAMP iliundwa kwa ajili ya wenye rekodi, PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji, na MCSK kwa ajili ya watunzi. Nimekutana na wenye lebo wengi waliojiandikisha kwenye chama cha watunzi peke yake, wakakaa miaka wakishangaa kwa nini rekodi zao hazileti kitu.

Kampuni hiyo kubwa ikikupigia simu wewe, kama watakavyofanya mawakili wake wakikuta jina lako kwenye rekodi, usiwauzie masta siku hiyohiyo hata wakitaja kiasi cha kukufanya ukae chini. Waulize kama wanataka kununua au kukodi. Kukodi kwa miaka mitatu au mitano kuna bei yake, kisha rekodi hurudi Bungoma.